Mpelelezi Aliyechelewa: Juu ya Mvuto wa Picha Nyeusi Mpya

Watu wengi hupenda kutazama picha za sinema ambazo ndani yake mwovu hushinda, asiye na hatia huuawa, na mpelelezi aliyekuwa akiutafuta ukweli huupata wakati ambapo haumfai tena kitu. Kupenda huku si jambo jepesi kuelezwa. Hekaya za karibu mataifa yote, na za Waswahili zikiwamo, zimezoea kumlipa kila mtu kwa kadiri ya matendo yake. Msikilizaji aliyekesha akiyafuata mashaka ya mnyonge hutarajia, na ana haki ya kutarajia, kwamba kabla ya kulala atamwona mnyonge huyo amekaa mahali pake na dhalimu amepata yake. Basi mtu anayetoa fedha yake ili aonyeshwe kinyume cha hayo, kisha akatoka katika jumba la sinema ameridhika, huridhishwa na nini?

Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba mtazamaji ameharibika tabia: amezoea damu na uchi, na hadithi ni kisingizio tu. Jibu hilo lina wepesi wa kusemwa, wala halina zaidi. Damu na uchi vimejaa tele katika picha nyingine ambazo hazikumbukwi hata mwaka mmoja baada ya kuonyeshwa, hali picha zinazozungumzwa hapa hurudiwa, husomeshwa katika vyuo, na hubishaniwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa. Yako mengine ndani yake. Makala haya yanaishika hasa picha moja, Chinatown ya mwaka 1974, kwa sababu ndiyo timilifu kuliko nyingine za jamii yake, na kwa sababu madai yote juu ya picha za namna hii, ya kusifu na ya kulaumu, yaweza kupimwa kwayo.

Jina la jamii hiyo lilianzia Ufaransa. Nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wajerumani picha mpya za Kimarekani hazikuingia; vita vilipokwisha ziliingia kwa mkupuo, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank, baada ya kuziona pamoja picha kama The Maltese Falcon ya John Huston na Double Indemnity ya Billy Wilder, alitambua kwamba hadithi za jinai za Wamarekani zilikuwa zimegeuka sura. Aliziita picha nyeusi. Kwa Kiswahili neno hili lataka hadhari, maana weusi uliokusudiwa ni wa usiku, wa kivuli na wa dhamiri, si wa rangi ya mtu. Lakini, kama itakavyoonekana mbele, hadhari hiyo haimalizi jambo.

Weusi wa picha hizo za kwanza ulikuwa na mpaka. Makampuni ya sinema ya Marekani yalikuwa yamejifunga kwa kanuni za maadili zilizoshikwa kwa nguvu tangu mwaka 1934 hata zikaondolewa mwaka 1968, na kanuni hizo zilikataza jinai kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya mtazamaji aegemee upande wa mtenda jinai dhidi ya sheria. Kwa hivyo mwandishi aliweza kumzamisha mtu katika uovu kwa saa moja na nusu, walakini dakika za mwisho zilikuwa mali ya serikali. Katika Double Indemnity wakala wa bima aliyemwua mume wa mpenzi wake anakaa ofisini usiku, amejeruhiwa kwa risasi, anaungama katika chombo cha kunasia sauti. Wilder alikuwa amepiga hata onyesho la mtu huyo akiuawa gerezani kwa gesi, kisha akaliondoa, maungamo yalitosha. Kanuni zilipokwisha, kilichotoka mikononi mwa serikali ni dakika hizo za mwisho, na hilo si jambo dogo. Picha nyeusi mpya huanzia hapo. Rangi ziliingia, jua liliingia, matusi yaliingia. Lakini hayo ni mavazi. Lililobadilika ni kwamba hapakuwa tena na mtu aliyemwahidi mtazamaji kuwa hesabu italingana.

Chinatown iliandikwa na Robert Towne, ikaongozwa na Roman Polanski. Mambo yake yamewekwa Los Angeles mwaka 1937, wakati wa ukame. J. J. Gittes, anayechezwa na Jack Nicholson, ni mpelelezi wa kukodiwa. Kazi yake ni kuwafuata waume na wake wanaotoka nje ya ndoa, naye huifanya akiwa amevaa suti nzuri na bila ya haya. Mwanamke mmoja anakuja kumwajiri amfuate mumewe, Hollis Mulwray, mhandisi mkuu wa idara ya maji. Gittes anampiga picha Mulwray akiwa na msichana, picha zinatokea gazetini, na ndipo mke wa kweli wa Mulwray, Evelyn, anapoingia ofisini kwa Gittes na wakili wake. Yule wa kwanza alikuwa wa bandia. Haupiti muda, Mulwray anaopolewa maiti katika birika kuu la maji ya mji. Mkubwa wa maji kufa maji katikati ya ukame: kichekesho hicho hakikumponyoka Towne, na katika picha yenyewe daktari wa maiti ndiye anayekicheka.

Hapo Gittes anaanza kufuata uzi. Mwili wa Mulwray una maji ya chumvi, hali birika ni la maji matamu. Usiku, wakati wakulima wa bonde la kaskazini wanalia kiangazi, idara inamwaga maji baharini kwa siri. Mashamba ya bonde hilo yananunuliwa kwa bei ya kutupa, na majina yaliyoandikwa katika daftari la ardhi ni ya wazee waliomo katika nyumba ya kutunzia wazee, wasiojua kwamba wamekuwa matajiri. Mmoja wao ameandikishwa kununua ardhi baada ya kufa kwake. Nyuma ya yote yumo Noah Cross, baba yake Evelyn, aliyepata kuwa mwenye maji yote ya mji kwa ubia na Mulwray. Anataka mji ujenge bwawa kwa fedha ya wananchi, maji yapelekwe kwenye bonde alilokwisha kulinunua, kisha bonde liingizwe ndani ya mipaka ya mji. Gittes anamwuliza mzee huyo, mwenye mamilioni, ni kitu gani anachotaka kununua ambacho hawezi kukinunua sasa. Cross anajibu kwamba ni wakati ujao.

Towne hakuyatunga haya kutoka hewani. Mfereji unaoleta maji Los Angeles kutoka bonde la mto Owens, wenye urefu wa kilometa 375 hivi, ulifunguliwa mwaka 1913 chini ya mhandisi William Mulholland. Kabla ya hapo watu wakubwa wa mji, wakiwamo wenye gazeti la Los Angeles Times, walikwisha kujinunulia ardhi katika bonde la San Fernando, ambako maji hayo yangepita. Wakulima wa Owens walioachwa wakavu waliulipua mfereji kwa baruti mwaka 1924. Mwaka 1928 bwawa la Mulholland la St. Francis lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 400, na kivuli cha msiba huo kimo katika picha: Mulwray anakataa kujenga bwawa jipya kwa sababu alijenga moja likaanguka likaua watu. Towne aliyasogeza mambo haya mbele miaka mingi, akayabana, akayabadili. Mwanahistoria atapata mengi ya kusahihisha. Walakini kitovu cha jambo hakikubadilishwa. Mji uliokua ukapendeza kwa bustani zake ulikunywa maji ya watu wengine, na waliofaidi waliitwa waasisi.

Mpaka hapa picha yaweza kudhaniwa kuwa ni ya kulaumu ufisadi, na picha za kulaumu ufisadi ziko nyingi na nyingi zinachosha. Chinatown haichoshi, na siri moja iko katika mahali ilipowekwa kamera. Gittes yumo katika kila onyesho la picha hii. Hakuna hata mara moja ambapo mtazamaji hupelekwa kando akanong'onezwa neno ambalo Gittes halijui. Na Gittes apigwapo akazimia, picha nayo huzimika, na mtazamaji huzinduka pamoja naye. Huu ni mfungo mkali ambao waongozaji wengi hawauwezi, kwa kuwa ni rahisi mno kumpendeza mtazamaji kwa kumjulisha hatari mapema. Polanski hamjulishi. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji haangalii upelelezi, anaufanya. Kila Gittes anapokisia, yeye hukisia. Kila Gittes anapojipongeza, yeye hujipongeza.

Na Gittes anakisia vibaya. Hilo ndilo shina la picha nzima. Anapata miwani katika kidimbwi cha maji ya chumvi kilichomo bustanini mwa Evelyn, anaamini kuwa ni ya Mulwray, anakata shauri kwamba mke ndiye mwuaji na kwamba yule msichana amefichwa kama shahidi. Anamkabili Evelyn, anampiga makofi, anamtaka aseme msichana ni nani. Evelyn anasema ni ndugu yake, anapigwa, ni binti yake, anapigwa, hata mwisho inabainika kwamba majibu yote mawili ni kweli, maana baba yake, Noah Cross, alimwingilia alipokuwa na umri wa miaka 15. Miwani si ya Mulwray, kwani ina vioo viwili viwili, vya kuonea mbali na vya kusomea, na Mulwray hakuvaa miwani ya namna hiyo. Mwenye miwani ni Cross.

Waandishi wa makala za sinema wamezoea kuzigawanya habari hizi mbili, ya maji na ya binti, wakisema moja ni ya siasa na nyingine ni ya siri za nyumbani, kisha wakabishana ipi iliyo kuu. Mgawanyo huo unaharibu. Cross anafanya jambo moja tu mara mbili. Maji ni yake, ardhi ni yake, binti ni wake, na mtoto wa binti ni wake. Kwake hakuna mpaka kati ya kulea na kumiliki, na kile kinachozaliwa na mali yake ni mali yake pia. Anaposema kwamba anataka kununua wakati ujao, msichana naye yumo katika bei. Towne ameyafunga haya mawili katika mtu mmoja bila ya kuyaeleza kwa hotuba, na hapo ndipo alipowazidi wote waliomfuata.

Mwisho wa picha wajulikana hata na wasioiona. Gittes anamwita Cross amwonyeshe ile miwani, kana kwamba hoja iliyotimia yatosha kumwangusha mtu. Cross amekuja na mtu mwenye bastola. Wanaichukua miwani, na wanamlazimisha Gittes awapeleke mahali Evelyn alipojificha na msichana, katika mtaa wa Wachina. Polisi wamekwisha kufika. Gittes anatiwa pingu. Evelyn anampiga baba yake risasi ya mkono, anaondoa gari, polisi anafyatua, na honi ya gari inalia bila ya kukoma mbali barabarani. Risasi imetokea jichoni, katika lile jicho ambalo Gittes aliwahi kuona ndani yake doa dogo jeusi. Cross anamfunika msichana macho kwa kiganja chake na kumwondoa. Mpelelezi anaachiliwa huru, na wenzake wanamvuta waende zao.

Towne alitaka mwisho mwingine, ambamo Evelyn angemwua baba yake. Polanski alikataa, na ugomvi wao umesimuliwa mara nyingi. Kwa haki ya kazi yenyewe Polanski ndiye aliyekuwa sahihi, wala si kwa sababu mwisho mbaya ni wa kweli zaidi kuliko mwema, madai ambayo hayana maana. Alikuwa sahihi kwa sababu picha ilikuwa imemfanya mtazamaji mshiriki. Kama Evelyn angemwua Cross, ushupavu wa Gittes ungekuwa umefaa kitu, na mtazamaji angeondoka akijisifu kwamba yeye naye aling'amua. Jinsi ilivyo, aliyewafikisha wauaji mlangoni kwa Evelyn ni Gittes, na kilichowafikisha ni werevu wake. Mapema alivunja taa moja ya nyuma ya gari la Evelyn ili aweze kulifuata gizani. Aliharibu jicho ili apate kuona.

Mwanafunzi wa tamthilia hatakosa kumkumbuka hapa mfalme wa Sophocles, aliyeletwa katika Kiswahili na Samuel Mushi kwa jina la Mfalme Edipode. Mji umepatwa na nakama, mtu mwerevu anachunguza chanzo chake, uchunguzi unafika kwenye zinaa ya wenye damu moja, na macho yanaharibika. Mfanano ni mkubwa mno kuwa wa bahati. Lakini tofauti ndiyo yenye faida. Edipode anapojua, anajitoboa macho, anauacha ufalme, na mji una tumaini la kupona. Dhambi na ujuzi vimo katika mtu mmoja, na kwa hivyo ujuzi una nguvu. Katika Los Angeles vimetengwa: mwenye kujua hana mamlaka, na mwenye dhambi hana haya. Cross anakiri mbele ya Gittes kwamba yeye hajilaumu. Anasema watu wengi hawapati kamwe kukabiliwa na ukweli kwamba, mahali na wakati vikiruhusu, waweza kutenda lolote. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, nao husema hivyo kwa uchungu; Cross amelisikia neno hilo kama pongezi.

Kuna kipimo kingine kilicho karibu zaidi. Muhammed Said Abdulla alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, aliwapa wasomaji wa Kiswahili mpelelezi wao, Bwana Msa, mwenye kiko na mwenye subira, na Najum rafiki yake wa kushangaa. Bwana Msa ni wa ukoo wa Sherlock Holmes, na dunia yake ina sifa moja ambayo Gittes angeitamani: jambo likisemwa sawasawa mbele ya watu, limekwisha. Hofu ya mzimu inaondoka, jina la mwuaji linatajwa, na waliokuwa wakishukiana wanaweza kuamkiana tena. Raha ya kitabu hicho ni raha ya nuru, na haina aibu yoyote ndani yake. Kuidharau kwa sababu picha nyeusi zimekuja baadaye ni upuuzi wa kudhani kwamba giza ni dalili ya akili. Kwa Bwana Msa ujuzi ni ufunguo. Kwa Gittes ni ushahidi usiokuwa na hakimu wa kuupokea.

Hapa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Kinachomridhisha mtazamaji wa Chinatown si kushinda kwa uovu. Ni kwamba ametendewa kama mtu mzima. Watu wengi, katika nchi nyingi, wanajua ni nani aliyechukua ardhi fulani, na kwa daftari gani. Wanajua jina, na humwona mwenye jina akipita katika gari. Maarifa yao hayana pa kupelekwa. Hadithi ambayo humfunga mwizi katika ukurasa wa mwisho huwapendeza watu hao, lakini huwaacha peke yao na wanachokijua. Picha nyeusi mpya haiwaachi peke yao. Inawaambia kwamba kujua bila ya kuweza ni hali ya kweli, ina uzito, ina hata uzuri wake wa kusikitisha, kama ile tarumbeta moja katika muziki wa Jerry Goldsmith inayolia juu ya mji wenye jua kali. Faraja hii ni ndogo. Lakini si ya uongo.

Nayo ina hatari, ambayo haifai kufichwa. Mtu aliyefarijiwa kwa kujua aweza kuzoea kujua tu. Rafiki wa Gittes anapomwambia mwishoni asahau, kwa sababu hapo ni mtaa wa Wachina, kuna watazamaji wanaolichukua neno hilo kama hekima na kulirudia kwa kujivunia kila wanapoona dhuluma wasiyotaka kusumbuka nayo. Wameisikia picha kwa sikio la Cross.

Tena neno lenyewe lina deni. Mtaa wa Wachina katika picha hii ni jina la mahali ambapo mambo hayaeleweki na ambapo mtu mwema akijaribu kusaidia huharibu. Lakini kila uovu wa picha umetendwa na Wazungu matajiri katika ofisi za serikali, katika bustani zao na katika nyumba zao za fahari. Wachina wanaoonekana ni watumishi wa nyumbani na watu wanaosimama barabarani wakitazama. Na historia ya Wachina wa Los Angeles haikosi mambo ya kueleweka vizuri sana: mwaka 1871 kundi la watu wenye hasira liliwaua Wachina zaidi ya 15 mjini humo kwa siku moja, na katika miaka ya 1930, wakati uleule wa picha, mtaa wao wa kale ulibomolewa ili kupisha kituo cha reli. Walinyang'anywa mahali, kisha jina la mahali likafanywa fumbo la uovu wa wanyang'anyi. Msomaji wa Afrika, ambaye bara lake liliitwa la giza na watu waliokuja kulichukua, anaufahamu mchezo huo bila ya kufundishwa.

La Polanski ni zito zaidi. Mwaka 1977, miaka mitatu baada ya picha hii, alishitakiwa Los Angeles kwa kumtendea vibaya msichana wa miaka 13. Alikiri kosa la kuingiliana na mtoto kinyume cha sheria, na mwaka 1978, kabla ya hukumu, akaikimbia Marekani asirudi. Wako wanaosema kazi ni kazi na mtu ni mtu, na wako wanaosema picha itupwe. Wote wawili wanataka kuondokewa na usumbufu. Mtazamaji wa leo anayeiona Chinatown anajua jambo juu ya aliyeitengeneza, hana la kulifanya kwa ujuzi huo, na anaendelea kutazama. Naye hapati kumwona Cross akimfunika mtoto macho bila ya kulikumbuka. Picha haikukusudia kumweka hapo, lakini ndipo alipo.

Baada ya Chinatown walikuja wengi. Body Heat ya Lawrence Kasdan, mwaka 1981, inairudia njama ya Double Indemnity katika joto la Florida na kuiacha bila ya serikali mwishoni: mwanamke anafaulu, mwanasheria mpumbavu anabaki gerezani. Ni kazi safi ya mikono, na baada yake hakuna cha kufikiri. Hakuna maji, hakuna ardhi, hakuna mtoto. Kuna mtu mwenye tamaa aliyedanganywa na mwenye tamaa zaidi. Kukata tamaa kumekuwa mtindo wa mavazi, na sehemu kubwa ya picha zilizofuata zilinunua nguo hizohizo. Pengine dalili bora za uhai ziko mbali na Marekani. Nairobi Half Life ya David Gitonga, mwaka 2012, inayosemwa kwa Kiswahili, Kikuyu na Sheng, ina kijana, Mwas, anayeuza picha za ujambazi kijijini kwa kuziigiza mbele ya wanunuzi, kisha anakwenda mjini kutafuta uigizaji na kuukuta ujambazi wenyewe. Picha ina udhaifu wake, hasa pale inapotaka jukwaa la tamthilia liponye kila kitu. Lakini polisi wake, wanaochukua fungu lao na kisha kuwaua waliowaletea, hawakunakiliwa kutoka Los Angeles.

Hata hivyo iliyomjibu Gittes kwa ukamilifu ilitoka katika mji wake mwenyewe. Devil in a Blue Dress ya Carl Franklin, mwaka 1995, kutokana na riwaya ya Walter Mosley, imewekwa Los Angeles mwaka 1948. Easy Rawlins, anayechezwa na Denzel Washington, ni Mmarekani Mweusi aliyetoka vitani, amefukuzwa katika kiwanda cha ndege, na anadaiwa fedha ya rehani ya nyumba yake. Si mpelelezi, anakubali kumtafuta mwanamke mmoja wa Kizungu, au anayedhaniwa wa Kizungu, kwa sababu rehani haingoji. Humo pia mna matajiri, uchaguzi wa meya, picha za siri na watoto waliotendewa maovu. Lakini Easy hashangai. Gittes huhitaji muda wa saa mbili na maiti kadhaa ili ajifunze kwamba polisi si kimbilio na kwamba mwenye mji ana sheria yake. Easy aliyajua hayo kabla ya kuamka kitandani. Kinachoitwa giza katika picha nyeusi, kwa watu wake ni mchana wa kila siku, na jambo ambalo lingekuwa ugunduzi wa kuhuzunisha kwa Gittes, kwake ni sehemu ya kupanga njia ya kurudi nyumbani bila ya kusimamishwa.

Kwa sababu hiyo picha ya Franklin haihitaji kumalizikia katika msiba. Mwishoni Easy yuko barazani kwake. Nyumba bado ni yake. Watoto wanacheza mtaani, majirani wanamwagilia nyasi kwa mipira ya maji, na maji hayo, ijapokuwa hakuna anayelitaja, yametoka mbali. Rafiki yake Mouse, aliyemwokoa maisha, ameua watu bila ya lazima. Easy anamwuliza mzee Odell kama ni vibaya kuendelea na rafiki ambaye mtu anajua vizuri yale anayoyatenda. Mzee anamjibu kwamba marafiki ndio tu mtu alio nao, na wawili hao wanaendelea kukaa.